Magugu Yaliyopandwa kwa Mstari

Katika kijiji cha Vối, nchini Vietnam, hajazaliwa mtu aliyekula mpunga alioupanda bila kumgawia kwanza aliyesimama juu ya tuta akimwangalia. Alianza mwenye ardhi. Akaja Mfaransa, akaondoka. Ukaja ushirika. Baada ya ushirika ikaja kampuni. Vijana husema dunia imebadilika sana, nao wana haki ya kusema, kwa kuwa hawakuwahi kupinda mgongo matopeni. Bi Lụa alipinda wake kwa miaka sitini, na habari zake ndizo hizi.

Mwaka wa pili baada ya vita kwisha alikuwa na miaka thelathini na minne, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, Thạo, na mkuu wa kikosi cha tatu cha ushirika. Kikosi kilikuwa na kaya arobaini na mbili na uwanda mmoja wa mpunga, uwanda wa Matete, uliolala kati ya nyumba na tuta kubwa la mto. Kila alfajiri Lụa aligonga ganda la bomu lililotundikwa kwenye boriti ya stoo, na watu wakatoka wakijikokota kama wanaokwenda kuzika mtu wasiyemjua. Walipandikiza huku wakipiga soga. Walipalilia kwa macho. Mpunga wa Matete ukaota mwembamba kama nywele za mtu aliyetoka kwenye homa. Lakini nyuma ya nyumba zao, katika vishamba vidogo walivyoachiwa kwa ajili ya mboga, watu walewale waliotesha mchicha wa maji mnene kama kidole gumba.

“Baba wa wote hana wa kumlilia,” walisema wazee wa Vối, na kabla ya kusema waligeuka kutazama nyuma.

Mwezi wa tatu ulikuwa mwezi wa njaa. Mavuno ya zamani yameliwa na mapya bado ni majani. Mwaka huo Lụa alimkuta jirani yake anachemsha mizizi ya mgomba, watoto wamezunguka chungu kimya kabisa. Watoto wenye njaa ya kawaida hulia. Hao walikuwa wamekwisha kuivuka.

Ulipofika wakati wa kupandikiza, akawaita wakuu wa kaya mmoja mmoja, akawapa jambo ambalo mtu aliweza kufungwa kwa kulisema tu. Kila kaya itachukua jaruba lake, kipande kimoja cha uwanda. Itapandikiza, itapalilia, itavuna. Sehemu ya ushirika itapelekwa stoo kama kawaida, na kitakachozidi ni cha mwenye mikono. Hakuna kitakachoandikwa. Mipaka ni vijiti vya mwanzi vilivyozamishwa chini ya maji, mtu avipapase kwa vidole vya miguu.

Miezi miwili baadaye uwanda wa Matete ulisimama mweusi kwa kijani. Watu waliokuwa wakijikokota sasa walikuwa majarubani kabla ganda halijagongwa, na Lụa akalazimika kuwaambia wachelewe kidogo, wasionekane.

Kisha Khuê, mchukuzi wa barua za ushirika, mtu mwenye mguu mmoja mfupi na mdomo mrefu, akaja mbio na baiskeli yake hadi uani kwake.

“Dada Lụa, wakaguzi kutoka wilayani. Keshokutwa asubuhi. Nimeambiwa kuna mtu kapeleka maneno kwamba Matete inang'aa kuliko inavyoruhusiwa.”

“Nani kapeleka?”

“Wa kikosi cha nne, nani mwingine? Mpunga wao umekonda, wetu umenona. Mtu husamehe jirani aliyemwibia kuku, hamsamehe aliyeshiba.”

Lụa alikaa kizingitini. Hesabu ya mambo ilikuwa fupi. Wakijua, majaruba yatarudi kuwa ya wote, na ya wote maana yake ni mwezi mwingine wa mizizi ya mgomba. Yeye mwenyewe ataondolewa, pengine atapelekwa mahali. Hilo la pili alilitazama, akaliweka pembeni. La kwanza halikukubali kuwekwa pembeni.

Mchana ule akawakusanya wanawake wa kikosi nyuma ya stoo.

“Mpunga wetu ni mzuri mno,” aliwaambia. “Hiyo ndiyo kesi yetu. Ng'oeni vijiti vyote vya mipaka. Halafu uharibuni uwanda.”

Bibi Mùi, kikongwe wa meno meusi ambaye tambuu haikumtoka kinywani, akatema mate mekundu. “Tuuharibu? Umerogwa, mwanangu?”

“Tuuharibu usoni tu, bibi. Magugu tuliyoyang'oa wiki iliyopita bado yako juu ya matuta, mabichi. Yarudisheni. Mkaguzi akifika aone magugu katikati ya mpunga, aseme, naam, hawa ni wavivu kama wenzao.”

Khuê akacheka mpaka akashika baiskeli. “Miaka kumi na mitano tunajifanya tunafanya kazi. Leo tufanye kazi ya kujifanya wavivu!”

“Wewe nyamaza, mguu mfupi. Utabeba magugu.”

Wakafanya kazi siku hiyo na siku iliyofuata yote. Wanawake arobaini, suruali zimekunjwa hadi mapajani, mafungu ya magugu kiunoni, wakirudi nyuma hatua kwa hatua katika maji. Na kwa kuwa ilikuwa kazi ya kweli, yenye faida ya kweli, wakaimba, wakataniana, wakashindana nani atamaliza jaruba kwanza. Lụa aliwatazama kutoka juu ya tuta. Aliona migongo yote inapanda na kushuka pamoja, kama zamani za wazazi wao, kaya zilipokuwa zikisaidiana zamu kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, wala hakukuwa na mtu wa kugonga kitu. Akashukuru moyoni. Hakuona kilichokuwa mbele ya macho yake, maana naye alikuwa mpandikizaji tangu akiwa na miaka saba.

Mkaguzi alikuwa Ndugu Tuynh, mtu wa makamo, mkimya. Alikuja na karani kijana mwenye daftari. Alipofika kwenye tuta alivua viatu, akavishika mkononi, akakunja suruali. Lụa akashtuka. Mtu anayekunja suruali vizuri namna ile, pindo juu ya pindo, si mtu wa ofisini tu.

Walitembea. Watu wa kikosi walikuwa wametawanyika uwandani, wanazembea kwa bidii. Mmoja amelala chini ya kofia yake. Wawili wanagombana kuhusu bata.

“Magugu mengi,” alisema karani, akaandika.

“Ndiyo, ndugu,” alijibu Lụa. “Tunajitahidi kuwahimiza, lakini wananchi bado hawajapata mwamko.”

Ndugu Tuynh alikwenda hatua chache. Alisimama. Akatazama jaruba lililo mbele yake, kisha la pili, kisha akarudi hatua tatu, akaufumba mdomo wake kama mtu aliyeuma kokwa. Akashuka majini. Akainama akaweka kiganja chake kati ya gugu na gugu. Shubiri moja. Akasogea. Gugu na gugu. Shubiri moja. Mstari mnyoofu kama uzi ulitoka miguuni pake hadi mwisho wa jaruba, magugu tupu, na mstari mwingine sambamba nao, na mwingine, uwanda mzima.

Wanawake wa Vối hawakujua kuchomeka kitu matopeni kwa njia nyingine.

Ndugu Tuynh akalivuta gugu moja. Likatoka bila kushika, mizizi haijauma udongo. Akaliinua.

“Dada Lụa. Nimezaliwa na mkulima, nimelelewa matopeni. Maishani mwangu sijaona magugu yanayosimama foleni.”

 Yule aliyelala chini ya kofia alikuwa ameketi.

“Mtu anayepanda magugu namna hii,” aliendelea kwa sauti ya chini, “anapandaje mpunga wake?” Akaugeuza uso kuelekea kwenye masuke, mazito, yanayoanza kuinama. Akalishika suke moja kiganjani, akalipima uzito. Lụa alijua wakati huo, kwa hakika, kwamba kwao Ndugu Tuynh pia kulikuwa na mwezi wa tatu.

Kama angekuwa peke yake, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini karani alikuwa amesimama na kalamu.

“Niandike nini, mkuu?” aliuliza karani.

 Bibi Mùi ndiye aliyejibu. “Andika kwamba tulikuwa tunakula,” alisema kutoka majini. “Andika hivyo, mjukuu wangu. Kama hujui herufi zake nitakuonyesha.”

“Ni mimi,” alisema Lụa kwa haraka, kabla kikongwe hajaendelea. “Niligawa uwanda kwa amri yangu. Hawa walifuata tu. Hata magugu nimewaamrisha mimi.”

Ndugu Tuynh alipanda kwenye tuta, akasimama karibu naye akikausha miguu kwa majani. “Ungenyamaza ningetafuta maneno,” alisema, karani asisikie.

“Ningenyamaza, yule bibi angesema yote.”

“Naam,” akasema, akavaa viatu vyake.

Siku nne baadaye ganda la bomu lilipigwa mchana, wala si Lụa aliyelipiga. Uani mwa nyumba ya kijiji waliweka meza yenye kitambaa, nyuma yake wakaketi viongozi. Lụa alisimama akasoma maneno ya kujilaumu, kurasa mbili, aliyoandikiwa. Kwamba alirudisha umiliki wa mtu mmojammoja. Kwamba alitanguliza tumbo mbele ya njia ya taifa. Kisha watu wakaambiwa wanaokubali aondolewe wanyooshe mikono.

Mikono haikunyooka. Meza ikaanza kuwatazama safu kwa safu, na karani akafungua daftari. Lụa aliona kitakachotokea: wasiponyoosha, itaonekana kikosi kizima ni cha njama, na watachukuliwa wengi. Akatafuta macho ya Khuê, akaashiria kwa kidevu. Khuê, mtu wa mizaha, akanyoosha mkono huku machozi yanamtoka. Wengine wakafuata. Alibaki Bibi Mùi, mikono amekumbatia magoti.

“Nyoosha, bibi,” Lụa alisema kwa nguvu, mbele ya meza. “Usinitie aibu.”

Kikongwe alimtazama kwa hasira ambayo Lụa aliibeba miaka yote iliyobaki. Kisha mkono ule mkavu ukapanda.

Majaruba yakarudi kwa wote. Lụa akapelekwa kubeba udongo kwenye tuta la mto, na msimu ule Matete ilivunwa na mikono mingine. Yeye aliisikia tu mashine ya kupura kutoka mbali. Mwaka uliofuata mpunga ulirudia wembamba wake. Bibi Mùi hakuuvuka mwezi wa tatu.

Haikupita miaka minne, ikaja amri kutoka juu: kaya zipewe majaruba, zitoe sehemu, zibaki na ziada. Jambo lilelile. Magazeti yakaliita fikra mpya, na kipaza sauti cha kijiji kikalisoma asubuhi na jioni. Mtu mmoja wa wilayani alipewa nishani kwa kulisimamia vizuri. Hakuna aliyekuja uani kwa Lụa kusema lolote, naye hakwenda kudai. Alipewa jaruba katika uwanda wa Matete, na baadaye cheti chekundu chenye jina lake. Alikiweka chini ya mkeka. Chini ya maandishi ya jina, kwa herufi ndogo, ilisemwa kwamba ardhi ni ya wananchi wote na mwenye cheti anaitumia tu. Lụa alisoma herufi ndogo. Kusoma alijifunza mwenyewe, ukubwani, na waliojifunza hivyo hawaruki mstari.

Kisha milango ya nchi ikafunguliwa. Mchele wa Vietnam ukapanda meli kwenda kwa watu tusiowajua, na watu wa Vối wakapanda ndege kuufuata. Thạo, mwanawe, alikwenda Taiwan kusubu vyuma, akamwacha mkewe Ngát na mama yake. Ule utaratibu wa leo kwako kesho kwangu ukafa bila hata kuugua; kila mtu akakodi mashine. Na mwaka Lụa alipofikisha sitini na mitano ikaja kampuni ya nje, iliyotengeneza nyaya za magari, ikautaka uwanda wa Matete wote.

Kaya arobaini na moja zilitia sahihi katika wiki moja. Sahihi ya arobaini na mbili ilikuwa yake.

Mpunga wake ulikuwa umebakiza siku kumi na nane kuiva.

“Mama,” alisema mwenyekiti wa kata, Bwana Doãn, kijana wa viatu vilivyochongoka, “usiwe kikwazo cha maendeleo. Kiwanda ni cha wote.”

“Nilipowagawia watu uwanda wa wote, mtu kwa mtu, mliniita adui,” alisema Lụa. “Sasa mnatunyang'anya mtu kwa mtu, mnampa mmoja. Hili ni nini, mwanangu? Nieleze taratibu, mimi nilisomea matopeni.”

“Nyakati zimebadilika, mama.”

“Mnaobadilika ni nyinyi. Mpunga unachukua siku zilezile.”

Hakukataa kusaini. Alijua mwisho wa kukataa: wanaokataa huja kuondolewa kwa magari na askari. Alichelewesha. Siku ya kwanza miwani ilikuwa haionekani. Siku ya tatu ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha mumewe, na nani husaini karatasi siku ya wafu? Doãn aliporudi na miwani mipya aliyoinunua mwenyewe, Lụa akamtolea kalenda ya siku njema na mbaya.

“Wiki hii yote ni mbaya kwa aliyezaliwa mwaka wa Mbuzi. Tazama.”

“Mama, hayo ni mambo ya kizamani!”

“Kampuni imetafuta siku njema ya kupiga jembe la kwanza, nimeona mmechinja na nguruwe. Kawaambie na wao kuhusu uzamani.”

Siku ya tisa bomba la mchanga likaanza kumwaga upande wa mtoni. Mchanga wa mto, ukiwa na maji yake, ulikuja juu ya majaruba ya waliosaini, polepole, kila siku hatua thelathini, arobaini. Mpunga wao ulikuwa umesimama vilevile, haujavunwa. Walikwisha kulipwa fidia yake, na mtu akilipwa fidia haoni tena suke. Lụa alishinda pale akiinua tuta lake kwa udongo, viganja kwa viganja, maji ya mchanga yasivuke.

Jioni ya siku ya kumi na nne Ngát alimngoja mlangoni. “Mama, kila kaya imepewa nafasi moja kiwandani. Yetu wanaishikilia mpaka usaini. Jumatatu wanafunga orodha. Mume wangu ananipigia simu kila siku kuniuliza nimepata au la.”

“Mumeo ni mwanangu. Mwambie mamaye ana mpunga.”

“Mpunga kitu gani! Mchele uko dukani!” Ngát akalia kwa uchungu. “Unataka nikae matopeni mpaka migongo yetu ifanane?”

Lụa alinawa udongo mikononi. Kijana wa kike alikuwa na haki yake, na haki yake ilikuwa inakuja mbio na bomba la mchanga. Zilibaki siku nne hadi Jumatatu, na masuke yalikuwa bado na ukijani kwenye shina.

Jumamosi mchanga ulifika kwenye jaruba la jirani. Maji ya kijivu yakaanza kupenya chini ya tuta. Lụa alivunja punje mdomoni, akaitafuna: ngumu nje, laini katikati. Siku mbili zaidi, angalau. Aliketi, akafikiri kwa muda wa kutafuna punje ya pili, akasimama akachukua mundu. Akaanza upande wa maji.

Peke yake, jaruba lile lilikuwa kazi ya siku tatu. Uwandani hapakuwa na mgongo mwingine wowote. Vijana walipita barabarani na pikipiki wakimpigia kelele, “Bibi, kampuni itakupa mashine!” Jumapili asubuhi, alipojinyoosha, aliona Ngát anashuka kwenye tuta, amevaa suruali ya jinzi, mundu mkononi.

“Sikusaidii, mama,” alisema Ngát bila kumtazama. “Naharakisha.”

“Kata chini zaidi. Hivyo unaacha nusu.”

“Najua kukata.”

Hakujua, lakini alikata. Walifanya kazi hadi jua likashuka, na maji ya kijivu yakiwafuata mstari kwa mstari, yakifunika mabua kila walipohama. Jumatatu saa nne asubuhi fungu la mwisho lilifungwa. Bwana Doãn alikuwa amesimama juu ya tuta tangu saa mbili, karatasi ndani ya mfuko wa nailoni.

Lụa alinawa mikono, akavaa ile miwani aliyonunuliwa, akasoma karatasi yote, hata herufi ndogo, huku Ngát anakanyagakanyaga kwa haraka. Akasaini. Ngát akaichukua karatasi mkononi mwake kabla wino haujakauka, akapanda nyuma ya pikipiki ya mwenyekiti kwenda kuiwahi orodha.

Pa kuanikia mpunga hapakuwepo. Uani palikuwa padogo, na ua wa stoo ya zamani ulikuwa umeuzwa. Lụa akaupeleka kwenye barabara mpya ya lami ya kampuni, akautandaza katikati, mrefu na mwembamba, akaugeuza kwa miguu, huku na huku. Malori ya mchanga yakaja, yakapiga honi. Hakugeuka. Yakapiga tena, marefu. Kisha la kwanza likashusha magurudumu yake pembeni, kwenye matope, likapita, na mengine yakalifuata.